Dubu Hapendi Kushtukizwa

Mama yangu Nabintu,

Kabla hujaendelea nakuomba kitu kimoja: barua hii isome kwa sauti. Kama umeshaanza kimyakimya, na ninavyokujua umeshaanza, rudi juu uanze upya. Najua Kiswahili cha kuandikwa kinakuchosha, unakwenda nacho neno kwa neno kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Haidhuru. Chagua polepole, lakini sauti itoke.

Niko lindoni, getini Midrand, Jumapili, saa tisa alasiri. Wenye nyumba wameshachoma nyama zao na sasa wamelala. Tangu saa saba nimefungua geti mara nne tu. Nakuandikia nyuma ya karatasi za kitabu cha wageni kilichojaa, kwa hiyo ukigeuza ukurasa ukamkuta fundi bomba na namba ya gari lake, usishangae. Nilibadilishana zamu na mwenzangu ili kesho yote iwe yangu, nikusindikize mpaka uwanja wa ndege. Sikufikiri kwamba ukiipata kesho yote unaikosa leo yote. Leo ndiyo siku yako ya mwisho nyumbani, wewe uko La Rochelle unafunga begi peke yako katika chumba chetu, na mimi niko hapa nawafungulia watu wa pizza. Eish. Baba yako kwa kupanga mambo hajambo.

Habari za koti, vidonge vya tumbo na karatasi za kusafiria sitaandika. Akina mama wa kanisa wameshakupa orodha ndefu kuliko safari yenyewe. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya dubu. Cheka, lakini endelea kusoma.

Unajua nilivyohangaika kuieleza kazi yako. Nilipowaambia watu wa kanisa kwamba binti yangu amesomea wanyama miaka minne chuo kikuu ili aende Kanada kuokota manyoya ya dubu, mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamweleza kama ulivyonieleza: mnazungusha waya wa miiba kwenye miti, katikati mnamwaga kitu kinachonuka samaki, dubu anainama apite kwenda kunusa, na unyoya unabaki kwenye mwiba bila yeye kuumia. Kisha mnaupeleka maabara, na unyoya unasema huyu ni nani, dume au jike, na msituni wako wangapi. Yule mzee akasema basi baba na binti kazi ni moja, waya. Nikacheka. Lakini waya wangu hapa una umeme, kazi yake ni kufukuza. Wako unaomba unyoya mmoja na kumwacha mnyama aende zake. Nimekaa na wazo hilo wiki nzima, na naona fahari sana, hata kama sikukuambia.

Kile kitabu kidogo walichokutumia, cha namna ya kutembea kwenye msitu wa dubu, ulidhani kimepotea. Kilikuwa kwenye mfuko wa sare yangu. Nimekisoma hapa getini mara tatu, na simu pembeni kunisaidia Kiingereza. Mimi dubu nilimjua kwa jina tu, kutoka kanisani. Kwetu Kivu kulikuwa na tembo, chui na sokwe, dubu hakuna. Nilidhani ni mnyama anayeamka asubuhi kuwinda watu. Kumbe muda mwingi anakula majani, mizizi, matunda madogo, wadudu wa chini ya magogo, na samaki wanapopanda mto. Anaishi peke yake. Akisikia mtu anakuja, mara nyingi anaondoka kabla mtu hajajua kwamba alikuwepo. Ubaya unatokea pale mtu anapomtokea ghafla. Dubu kainamisha kichwa kwenye kichaka cha matunda, au yuko kando ya mto unaopiga kelele, na upepo unatoka kwake kuja kwako, kwa hiyo hakusikii wala hakunusi. Anainua kichwa, na wewe uko hatua kumi. Na akiwa na watoto, basi tena. Kitabu kinarudia jambo moja karibu kila ukurasa: sema. Piga makofi, zungumza, ita, ajue kwamba wewe ni mtu na uko njiani. Dubu hapendi kushtukizwa.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilifurahi. Nikasema kama ni kusema tu, hilo jepesi. Halafu tukaenda vilimani.

Unakumbuka Jumamosi ile, wiki mbili zilizopita, tulipopanda vile vilima vya kusini vyenye nyasi ndefu. Wazo lilikuwa langu. Nilikuambia tangulia, nionyeshe utakavyotembea huko. Ukatangulia. Nyasi zilikufika mabegani, njia inapindapinda, na mimi nikiwa hatua ishirini nyuma yako sikusikia kitu. Hakuna jiwe lililogonga, hakuna kijiti kilichovunjika. Kwa dakika nzima sikujua uko wapi. Nikafika kwenye kona nikakukuta umesimama unanisubiri, na kwa kuwa sikukusikia nilishtuka mpaka nikashika kifua. Ulicheka. Mimi kwanza nilijisifu kimoyomoyo, nikasema huyu mtoto anatembea kama paka. Kisha nikakikumbuka kitabu. Nikakuomba upaze sauti, uite kama wale watu wa ile video uliyonionyesha, wanaotembea wakimsalimia dubu asiyeonekana. Ukafungua mdomo. Ikatoka sauti ya kuombea chumvi mezani. Nikasema ongeza. Ukajaribu tena, na hapohapo wakatokea mke na mume na mbwa wao, wanateremka. Ukanyamaza. Ukasogea kando ya njia, ukaangalia chini, ukawasubiri wapite. Halafu mkono wako ukautafuta wangu, ukanibana vidole mara mbili.

Mara mbili, yaani twende. Una miaka ishirini na miwili, mama, na bado unanibana vidole. Na wale watu walikuwa wanatusalimia tu.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na nilivyokulea nakujua mimi. Miaka yote hii hatujawahi kulizungumza. Nalizungumza leo, kwa sababu kesho utakuwa umekwenda na miguu ile ile.

Ulikuwa na miaka sita mwaka ule wa fujo, watu walipokuwa wakisakwa mitaani hapa Joburg kwa sababu ya walikotoka. Wasakaji walimsikiliza mtu anavyotamka, ikatosha. Kizulu changu wakati ule kilikuwa cha kununulia mkate kwenye kiduka cha spaza, zaidi ya hapo nakwama. Nikafanya nilichoona ni akili. Nikakufundisha kwamba ukivuka mlango, Kiswahili kinabaki ndani. Barabarani usiniite Papa. Kwenye teksi usiseme kabisa mpaka tushuke. Shuleni nikakuandikisha Grace, na Nabintu, jina la mama yangu mzazi, nikalifungia nyumbani pamoja na vyombo vya wageni. Ndipo tukatunga ile lugha ya vidole: kubana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni twende, kubana kwa muda mrefu bila kuachia ni naogopa. Mama yako, Mungu amlaze pema, hakupenda. Alisema utamfanya mtoto bubu. Nilimjibu kwamba bubu aliye hai ana nafuu, nikatoka nje nikijiona baba hodari.

Fujo zikaisha, na mimi sikukuambia kwamba zimeisha. Hilo ni kosa moja. Lingine ni la Fordsburg, na hilo nadhani unalikumbuka kuliko mimi.

Ulikuwa na miaka minane. Tulikwenda kumnunulia mama yako vitambaa vya kushonea, katika lile soko kubwa lenye paa, maduka yamebanana, watu kama siafu. Niliuachia mkono wako nilipe. Nilipogeuka hukuwepo. Nilikutafuta saa nzima na zaidi, nikapita kila njia ya soko lile. Na sikukuita. Hapo ndipo nataka usome kwa sauti kuliko pengine pote: baba yako alipotelewa na mtoto wake wa pekee katikati ya watu, na hakufungua mdomo kumwita. Nilipiga mluzi. Nilichungulia chini ya meza. Jina lako lilikuwa hapa kooni, lakini ni jina la kwetu, na nikaona nikiliita vichwa vyote vitageuka. Niliviogopa vichwa kuliko nilivyoogopa kukupoteza. Hapana, si kweli, niliogopa vyote. Ila mdomo ulikuwa umeshazoea.

Aliyekupata ni mama mmoja wa Tanga aliyekuwa akiuza mitandio na udi. Alikukuta nyuma ya majora ya vitambaa, umechuchumaa, macho makavu. Akakutoa, akakushika mkono, akasimama katikati ya njia akapaza sauti kwa Kiswahili chake kizuri cha kwao, bila kumwogopa mtu, akauliza jamani baba wa mtoto huyu yuko wapi. Soko zima likasikia. Hakuna kilichotokea. Watu waliendelea kupatana bei. Nikaja mbio, jasho linanitoka, na yule mama akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Baba, mwanao anasema amekuona ukipita hapa mara tatu," alisema. "Mbona hakukuita?"

Nikakuangalia. Wewe ukaviangalia viatu vyangu, ukasema polepole:

"Ulisema nje nisikuite."

Yule mama hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alikupangusa uso kwa mtandio wake, akakupa kashata, akarudi kwa wateja wake. Na mimi, Nabintu, tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, nilikuinamia nikakuambia umefanya vizuri. Nilikusifu. Nilisema wewe ni mtoto mtiifu. Ukanibana vidole, kule kwa muda mrefu bila kuachia, mpaka La Rochelle. Kila nikikumbuka ile sifa niliyokupa naona aibu hata nikiwa peke yangu hapa kibandani.

Sasa unakwenda kwenye msitu ambako mtu anayetii kama ulivyonitii wewe ndiye anayeumia. Utakuwa na wenzako, najua, na wamekuambia kanuni zote, na wewe ni msomi, umezishika kichwani. Lakini kuna siku utakuwa mbele kidogo, au utarudi kufuata kitu ulichosahau kwenye waya, mto unapiga kelele, kichaka kimejaa matunda, na miguu yako itafanya nilivyoifundisha. Hilo ndilo linaloninyima amani. Usiku siwazi meno ya dubu. Nawaza kimya chako.

Na kinachoniuma zaidi, mimi nilijua. Nililelewa na mtu aliyejua. Shamba letu lilikuwa upande wa pili wa msitu, mwendo wa saa moja, na bibi yako, mwenye jina lako, hakupita msitu ule bila kifuniko cha sufuria mkononi na kijiko cha chuma. Anagonga, anakwenda, na kila baada ya hatua chache anapaza sauti: "Ni watu, tunapita!" Mimi mtoto wa shule nilikuwa naona haya, nakaa nyuma watu wasidhani niko naye. Siku moja nikamuuliza anamwambia nani, mbona hakuna mtu. Akaniambia anamwambia yeyote aliye mbele, njia ni yake pia, lazima ajue tunakuja. Hatukwenda mbali, tukakuta kinyesi cha tembo katikati ya njia, bado kinafuka mvuke, na nyasi za kando zimelala zinaelekea bondeni. Alikuwa ametupisha. Bibi yako hakusimama hata kushangaa. Aligonga kifuniko mara mbili tena, tukapita.

Kwa hiyo kimya si cha ukoo wetu. Nimekianzisha mimi, hapa Joburg, na nakuomba wewe ukimalize.

Mambo mengine ya kitabu kile siwezi kukufundisha. Kinasema usikimbie, kwamba dubu anayekujia mbio mara nyingi anakujaribu, anasimama njiani. Wewe simama, ongea naye kwa sauti ya chini, rudi nyuma taratibu. Mimi maishani nimekimbia mara mbili, mara zote niliwakimbia watu, na mara zote kukimbia ndiko kulikoniokoa. Hapo kiamini kitabu, usiniamini mimi. Ila lile kopo la pilipili ya kupuliza watakalokupa, hilo nalijua. Ninalo kiunoni mwaka wa kumi na tano na nimelitumia mara moja tu. Mbwa wa nyumba ya tisa alitoroka akanijia mbio, nikapuliza, upepo ukanirudishia yote usoni. Nililia hapa getini nusu saa, mbwa ameketi ananiangalia. Baadaye mwenye mbwa aliniambia alikuwa anakuja kucheza tu. Na jina lake nilikuwa nalijua! Ningemwita tu. Basi, angalia upepo unatoka wapi, na kabla ya kopo, tumia mdomo.

Kuna ukurasa mmoja niliusoma nikakifunga kitabu. Wanasema dubu jike anakaa na watoto wake miaka miwili, hata mitatu, anawafundisha kila kitu, halafu siku moja anawafukuza. Wakirudi anawafukuza tena, mpaka waelewe. Niliona ni ukatili. Kisha nikafikiri labda mnyama yule anajua kwamba asipofanya hivyo hatawaacha waende. Mimi sikufukuzi, mama, na sina nguvu za kukuzuia. Tangu mama yako atutoke tumekuwa wawili, na kuanzia kesho jioni nitakuwa mmoja. Nasema wazi: nitakuwa mpweke sana. Hapa getini kwa siku nzima nasema afternoon boss, saini hapa, sharp, na maneno hayo hayafiki kumi. Nikirudi nyumbani wewe ndiye uliyekuwa unanisemesha, hata kama mimi nasema Kiswahili na wewe unanijibu Kiingereza. Juzi nilijaribu kusonga bugali wa mtu mmoja ulipokuwa kwa rafiki zako. Nilikosea kipimo, nikala siku mbili. Nitajifunza. Usije ukarudi mapema kwa sababu ya sufuria yangu.

Uliniuliza kule vilimani, kwa Kiingereza chako, utamwambia nini hasa huyo dubu. Nilikosa jibu, nikasema chochote. Sasa nimelipata. Dubu hataki kujua umetoka wapi. Hana habari na karatasi zako, na unavyotamka hakumhusu. Katika maisha yako yote hilo ni sikio la kwanza la nje ambalo huna sababu ya kulificha Kiswahili chako. Mwambie alichokuwa akisema bibi yako. Mwambie ni mtu, napita. Mwambie ulichokula asubuhi, nitukane mimi ukipenda, msimulie ya Fordsburg yote, kwa sauti, mpaka mto uvukwe na kichaka kiishe.

Gari linapiga honi, subiri.

Nimerudi. Alikuwa kijana wa maua. Karatasi inaniishia.

Kesho utapita pale ambapo sisi tusiosafiri haturuhusiwi kuvuka. Utakwenda na mstari, na utatembea kimya na kichwa chini, nakujua. Utakapofika mbali, karibu na wale wa kukagua mabegi, nitakuita. Sitapiga mluzi. Nitakuita Nabintu, si Grace, kwa sauti yangu yote, mbele ya polisi na walinzi wenzangu na watu wote na mizigo yao. Vichwa vitageuka. Viache vigeuke. Mkono wangu hautakufikia pale, kwa hiyo hutaweza kunibana vidole. Itabidi ugeuke uniitikie Papa, kwa sauti ya kunifikia nilipo.

Nimechelewa miaka kumi na minne kukuita, mama. Wewe usichelewe kuitika. Nitasimama pale pale mpaka nikusikie.

Papa yako